Muuguzi Anayebaki Kisiwani: Hotuba kwa Timu za Matibabu za Kujitolea Zinazokwenda Pasifiki

Ndugu wauguzi, madaktari, wafamasia, mafundi wa vifaa, na ninyi mnaobeba mzigo mkubwa wa kupanga mizigo, habari za asubuhi.

Tumeombwa tuzungumze juu ya kazi ya matibabu ya kujitolea katika visiwa vya mbali vya Pasifiki. Kabla ya dawa na mashine, naomba tuanze na mtu: muuguzi wa kisiwani. Vanuatu ina visiwa takriban 83 na hospitali za rufaa mbili tu, moja Port Vila na nyingine Luganville. Chini yake kuna hospitali ndogo za mikoa, vituo vya afya, zahanati, na mwisho kabisa vibanda vya huduma ya kwanza vya kijijini. Kiribati ina visiwa 33 vilivyotawanyika katika bahari ya kilomita za mraba zipatazo milioni 3.5. Huko muuguzi mmoja ndiye daktari, ndiye mkunga, ndiye mfamasia, na ndiye mwenye ufunguo wa friji. Ninyi mtakaa wiki moja, mbili mkizidi. Yeye atabaki na kila kitu mlichokianzisha, pamoja na makosa yake. Kwa hiyo kipimo chetu leo ni kimoja: tiba, upasuaji au mashine ambayo muuguzi huyo hawezi kuiendeleza kwa dawa alizonazo na umeme alionao, isianzishwe.

Vibali nitavipitia haraka, maana kila nchi ina utaratibu wake. Anzeni na wizara ya afya ya nchi husika, miezi kadhaa kabla. Kila mtaalamu apate leseni ya muda kutoka baraza la nchi hiyo, na orodha ya dawa ikubaliwe kabla haijafungwa kwenye masanduku. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada inataka dawa ziwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi inayopokea, na zikifika ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Dawa za miezi mitatu iliyobaki ni takataka mnazomsafirishia mwenzenu azichome.

Majira nayo yana amri yake. Vimbunga vya kusini mwa Pasifiki huja kati ya Novemba na Aprili. Pam kilipiga Vanuatu Machi 2015, Harold Aprili 2020, na Machi 2023 Judy na Kevin vilifuatana ndani ya wiki moja. Pangeni safari kati ya Mei na Oktoba, na hata hapo muwe na siku za akiba kila upande. Viwanja vingi vya ndege vya visiwa vidogo ni vya majani. Mvua ikikesha, asubuhi hakuna ndege. Mei 2024 shirika la Air Vanuatu liliingia katika ufilisi na watu wakakwama huku na huko. Timu isiyo na njia ya pili ya kurudi, yaani meli, haijapanga safari.

Sasa mzigo. Kipimo cha sanduku ni bega la mtu: kilo 20, zisizidi. Penye kiwanja, ndege ndogo ya Twin Otter haina nafasi ya zaidi. Pasipo na kiwanja mtashuka melini mwingie boti la faiba lenye mashine ya nguvu farasi 40, kisha mpite kwenye mlango wa mwamba. Maji yakikupwa mwamba hutoka nje, boti haliingii, na sanduku litabebwa na mtu anayetembea juu ya matumbawe. Angalieni jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya kupanga saa ya kuwasili, na mkumbuke kwamba siku za bamvua maji hukimbia mbali zaidi. Tumieni mapipa ya plastiki yenye kifuniko cha mpira wa kuzuia maji, na msiyapange kwa aina ya vitu. Hili ndilo kosa la kila timu mpya: ganzi zote pipa moja, glavu zote pipa jingine, pipa moja likianguka majini, kliniki yote imekufa. Pangeni kwa siku. Pipa la Jumatatu liwe na ganzi, glavu, sindano na fomu za Jumatatu.

Petroli haipandi ndege. Itangulizeni kwa meli, ya kwenda na ya kurudi, maana kisiwani bei ni ya kutisha na mara nyingi haipo. Mashine nyingi za boti huko ni za kuchanganya petroli na oili, na safari zimekwama kwa sababu ya kopo moja la oili lililosahauliwa bandarini.

Umeme unaua vifaa vingi kuliko chumvi. Fiji, Vanuatu, Samoa, Kiribati na Visiwa vya Solomon hutumia volti 220 hadi 240 kwa hezi 50, na plagi ya pini bapa ya Australia. Visiwa vya Marshall, Mikronesia na Palau, kwa historia yao na Marekani, hutumia volti 110 hadi 120 kwa hezi 60. Mashine ya Marekani ikichomekwa Tarawa, mji mkuu wa Kiribati, bila transfoma, moshi. Na transfoma yenyewe hurekebisha volti tu, hezi inabaki vilevile; mota ya mashine ya kufyonza au ya kuzungusha damu iliyoundwa kwa hezi 60 itazunguka polepole na kupata joto. Someni kibandiko cha nyuma. Mashine ya oksijeni ya lita 5 hula takriban wati 350. Ikiwashwa usiku na mchana ni yuniti 8.4, na sola ya zahanati iliyofungwa kwa ajili ya taa na friji haiwezi kuulisha mdomo huo. Mtakachopata ni friji ya chanjo iliyozimika alfajiri. Kama mnataka kuacha mashine ya oksijeni, leteni na sola yake, betri zake, vichujio vya akiba, na mafunzo ya mtu wa kuviosha kila wiki.

Hapo kwenye friji tukae kidogo.

Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu huogopa joto na kusahau kwamba baridi kali nayo inaua: chanjo ya homa ya ini aina ya B, ya pepopunda na ile ya magonjwa matano zikiganda zimekwisha. Pakiti ya barafu iliyotoka kwenye jokofu la kugandisha iko chini sana ya sifuri. Ukiipanga moja kwa moja kwenye kibeba chanjo, vichupa vilivyo pembeni vitaganda kabla boti halijatoka ghubani. Itoe, iache juu ya meza mpaka itoe jasho, itikise. Ukisikia maji yanacheza ndani, ndipo uipange. Kibandiko cha joto kilicho kwenye kichupa, kile chenye mraba ndani ya duara, hueleza joto tu, kuganda hakikuambii. Ndiyo maana kipimajoto chenye kumbukumbu si anasa.

Kuna jambo la Samoa ambalo kila timu ya upasuaji inapaswa kulijua kabla ya kugusa friji ya zahanati. Julai 2018, katika kisiwa cha Savai'i, watoto wawili wa mwaka mmoja walifariki muda mfupi baada ya kuchomwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Chanjo haikuwa na kasoro. Unga wake ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli, ile ya chumba cha upasuaji, tena iliyokwisha muda, badala ya maji yake ya kuchanganyia. Chanjo hiyo ikasimamishwa nchi nzima kwa miezi mingi, na imani ya wazazi ikaenda nayo. Mwaka 2019 surua ilipoingia ilikuta watoto wako wazi: wagonjwa zaidi ya 5,700 katika nchi ya watu wapatao 200,000, na vifo 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka 5. Desemba ile serikali ilifunga ofisi kwa siku mbili, familia ambazo hazijachanjwa zikatundika kitambaa chekundu mbele ya nyumba, na wachanjaji wakapita mlango kwa mlango.

Tazameni jinsi jambo hili linavyotuhusu. Dawa kadhaa za kulegeza misuli, suksamethoniamu na atrakuriamu zikiwemo, nazo hutaka nyuzi 2 hadi 8. Timu ya upasuaji inafika, kisiwani friji ni moja, inaomba nafasi kidogo kwenye rafu. Vichupa ni vidogo, ni vya kioo, vinafanana na vile vya maji ya chanjo. Timu inaondoka, vitatu vinabaki nyuma ya rafu. Kwa hiyo: dawa za usingizi na za kulegeza misuli haziingii friji ya chanjo hata kwa saa moja. Leteni kisanduku chenu cha baridi, chenye kufuli na maandishi makubwa, hesabuni vichupa jioni na asubuhi, na mkiondoka ondokeni na kila kimoja, kitupu na kizima. Mkialikwa kusaidia kuchanja, maji ya kuchanganyia yawe ya kiwanda kilekile cha chanjo, yawekwe kwenye friji tangu jana yake, mmoja asome kibandiko kwa sauti na mwingine akiangalia. Andikeni saa kwenye kichupa. Baada ya saa 6 kilichobaki cha surua kinamwagwa, hata kama foleni ni ndefu.

(Desemba 2018, huko Vanuatu, droni ilipeleka chanjo kutoka Dillon's Bay hadi Cook's Bay katika kisiwa cha Erromango. Ni jambo la kupendeza. Aliyeipokea na kuchoma sindano alikuwa muuguzi.)

Magonjwa ya ngozi ndiyo yatakayojaza foleni yenu, na ndipo timu nyingi hupoteza dawa bure. Upele hautibiwi kwa mtu mmoja. Hutibiwa nyumba nzima, na ikiwezekana kijiji kizima. Utafiti wa Fiji uliochapishwa mwaka 2015 ulitoa ivermektini kwa jamii nzima, na baada ya mwaka upele ulishuka kutoka takriban watu 32 katika kila 100 hadi chini ya 2. Dozi ni mikrogramu 200 kwa kilo: mtu wa kilo 45 hupata miligramu 9, yaani vidonge vitatu vya miligramu 3. Wajawazito na watoto wa chini ya kilo 15 hawapewi. Wao hupakwa krimu ya permethrini ya asilimia 5, mwili mzima, usiku, na kuoga asubuhi. Tatizo liko kwenye dozi ya pili, siku 7 hadi 14 baadaye, maana dawa haiui mayai ya wadudu. Siku hiyo ninyi hampo. Basi kliniki ya ngozi iwe siku ya kwanza, na dozi ya pili ifungwe kwenye bahasha siku hiyohiyo, kila moja na jina, uzito na tarehe, apewe muuguzi. Mkiacha kopo la vidonge 1,000 na maneno ya mdomo, mmeacha kopo.

Buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi, bado ipo Vanuatu, Visiwa vya Solomon na Papua New Guinea. Tangu utafiti wa kisiwa cha Lihir uliochapishwa mwaka 2012 tunajua kwamba azithromaisini ya kumeza mara moja, miligramu 30 kwa kilo na isizidi gramu 2, inafanya kazi sawa na sindano ya penisilini. Chukueni mizani ya kweli. Kukisia uzito wa mtoto kwa macho ni kukisia dozi. Na si kila kidonda cha mguu ni buba: vingi husababishwa na bakteria mwingine kabisa, hivyo msitangaze kijiji kina buba kabla ya vipimo.

Kuhusu kugawa dawa kwa kisiwa kizima, kuna mfano unaounganisha Pasifiki na kwetu. Mwaka 1991, katika kisiwa cha Aneityum, kusini kabisa mwa Vanuatu, watu wapatao 700 walipewa dawa za malaria kila wiki kwa wiki 9, pamoja na vyandarua vyenye dawa, na malaria ikaondolewa. Mtafiti aliyeongoza, Akira Kaneko, baadaye alipeleka wazo hilo Ziwa Victoria upande wa Kenya. Katika kisiwa kidogo cha Ngodhe dawa ziligawiwa mwaka 2016. Malaria ikashuka, kisha ikarudi. Aneityum iko peke yake baharini, na wenyeji wake walishika ulinzi wenyewe, wakipima damu na kufuatilia wageni. Ngodhe watu huenda na kurudi bara kila siku kwa mtumbwi. Kwa hiyo kabla ya kugawa dawa kisiwani, ulizeni kwanza boti hutia nanga mara ngapi kwa wiki na zinatoka wapi. Na dawa ya malaria iitwayo primakwini haitolewi kiholela: mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD chembe zake za damu zinaweza kupasuka, na kisiwani hakuna damu ya kuongeza.

Moyo ni suala gumu zaidi. Homa ya baridi yabisi na madhara yake kwenye vali za moyo vimeenea Pasifiki, na siku hizi mashine ndogo ya ultrasaundi huingia mfukoni, hivyo timu hupenda kupima watoto shuleni. Fikirini kinachofuata. Mtoto akikutwa na ugonjwa anahitaji benzathini penisilini kila wiki 3 hadi 4, yuniti 1,200,000 kwa mkubwa na nusu yake kwa mdogo, kwa miaka isiyopungua 10 au hadi afike 21, lolote litakalochelewa. Ni sindano nzito kama uji. Sindano nyembamba huziba katikati, dozi inapotea na mtoto ameshalia. Tumieni geji 21, changanyeni vizuri, sukumeni polepole bila kusimama. Kama jina lake haliingii kwenye daftari la programu ya nchi, na dawa hazifiki kisiwani kila mwezi, mmempa mzazi hofu bila tiba. Msimamo wetu ni kwamba timu kama hiyo iache mashine nyumbani ibebe benzathini.

Kisukari vivyo hivyo. Nchi kadhaa za Pasifiki ziko juu kabisa duniani kwa ugonjwa huu, na mtawakuta wengi kwa siku moja ya kupima. Ulizeni kwanza zahanati ina nini mwezi huu na ilikuwa na nini mwezi uliopita. Kuanzisha dawa ya siku 30 pasipo ya siku ya 31 hakumfai mtu. Glibenklamidi, dawa ya kisukari, inaweza kumshusha mtu sukari usiku, na hakuna wa kumpima. Wakati mwingine kazi bora ya siku ni kuosha miguu, kukata kucha, kusafisha kidonda kabla hakijafika mfupani, na kumfundisha binti wa mgonjwa kufanya hivyo. Vibanzi vya kupimia sukari huharibiwa na unyevu: funga kopo mara tu ukitoa kimoja, usivihamishie kwenye mfuko.

Upasuaji wote uishe siku tatu kabla ya kuondoka, tena zaidi kwa macho. Maambukizi ndani ya jicho baada ya kutoa mtoto wa jicho huanza kuonekana siku chache baadaye, na mgonjwa akisema "linauma, naona ukungu" siku ya nne, anataka daktari wa macho, si salamu. Meno pia: kabla ya kung'oa, ulizeni juu ya moyo. Aliyewahi kuambukizwa vali za moyo, au mwenye vali ya bandia, apewe amoksilini gramu 2 nusu saa hadi saa nzima kabla. Asiyeivumilia penisilini apewe dawa mbadala. Kila aliyeng'olewa aume pamba dakika 30 mbele ya macho yenu ndipo aondoke, na jioni hiyo asinywe kava, kile kinywaji cha mizizi cha huko.

Vyombo huchemshwa kwa mvuke kwenye sufuria ya presha, nyuzi 121, dakika 30 vikiwa vimefungwa. Saa inaanza kuhesabiwa baada ya hewa kutoka na presha kusimama. Anayeanza kuhesabu alipowasha jiko amepika vyombo nusu. Msijaze sana, mvuke upite. Tumieni maji ya mvua. Ya kisima cha kisiwa cha matumbawe yana chumvi na huacha ukoko.

Visima hivyo ndivyo sababu ya onyo jingine. Katika visiwa vya matumbawe maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na hupatikana kwa kuchimba mita moja au mbili tu. Shimo la takataka za hospitali ni shimo ndani ya maji ya kunywa. Sindano na vichupa virudi nanyi. Sanduku la usalama likijaa robo tatu lifungwe, lisisindiliwe.

Juu ya watu, mawili. Visiwa vingi vya huko vina miiko mikali kati ya kaka na dada. Mkimweka kaka awe mkalimani wa dada yake juu ya hedhi au mimba, dada atanyamaza na ninyi mtaandika hana tatizo. Tafuteni mwanamke. La pili, pangeni siku na chifu na mchungaji: Jumapili hakuna kliniki, na katika vijiji vya Wasabato ni Jumamosi.

Makabidhiano yaanze siku mbili kabla, si ufukweni boti likiwa linaunguruma. Orodha iwe nakala tatu: ya muuguzi, ya hospitali ya mkoa, na yenu. Kila mgonjwa awe na mstari wake: alichofanyiwa, dawa, tarehe ya kuisha, dalili ya hatari, na nani apigiwe. Andikeni majina ya dawa yenyewe, si ya kibiashara. Siku ya 7 na ya 30 mtu wa timu apige simu kituoni, au redio pasipo na mtandao, na aulize mstari kwa mstari. Gharama ya simu hizo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, maana timu ikishatawanyika hakuna anayeilipa.

Nimewaacha watu wa maabara na wakunga bila kuwagusa. Tuanze maswali na wao.